Mchukuzi Hula Mzigo Wake

(Mhadhara uliotolewa Nairobi)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wazee wangu mliotoka Pumwani na Majengo kwa miguu mkafika kabla yetu tuliokuja kwa gari: shikamooni.

Mwanafunzi mmoja aliyeona tangazo la mhadhara huu alinisimamisha ngazini akaniuliza, "Mwalimu, kumbe utazungumzia ndege za kivita?" Nikamjibu hapana, nitazungumzia malori. Akacheka, akidhani namtania. Simtanii. Kikosi cha anga cha usafirishaji ni kampuni ya malori iliyovishwa sare. Hakiangushi mabomu, hakipigiwi filamu, na rubani wake akistaafu wajukuu humuuliza kama aliwahi kuangusha ndege ya adui, yeye hujibu kwamba aliwahi kubeba jenereta. Lakini jeshi lisilo na kikosi hicho haliendi mbali. Na mara nyingine, mtaona, raia mwenye njaa humjua rubani wa jenereta kabla ya kumjua mwanajeshi mwingine yeyote.

Nimechagua kikosi kimoja tu, Kikosi cha 30 cha Jeshi la Anga la Uingereza. Sababu ya kukichagua iko kilomita chache kutoka ukumbi huu, lakini kabla ya kufika huko niruhusuni nitembee kidogo.

Wote hapa mnalijua soko la Kariokor. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana Kariakoo yao. Majina yote mawili ni jina moja la Kiingereza, Carrier Corps, lililopita katika midomo yetu likatoka na sura mpya: ni Kikosi cha Wachukuzi cha Vita vya Kwanza vya Dunia, ambacho kambi zake zilikuwa pale. Waingereza walipopigana na Wajerumani katika nchi hizi kuanzia 1914 hadi 1918, barabara zilikuwa chache, na mbung'o aliua farasi, nyumbu na ng'ombe kabla hawajafika popote. Mzigo ukawekwa kichwani mwa mtu. Walioandikishwa walihesabika kwa malaki, na waliokufa walizidi 90,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Risasi haikuwaua wengi hivyo. Ile sanamu ya watu watatu kwenye Barabara ya Kenyatta, mmoja wa hao watatu ni mchukuzi. Watu wengi hupita hapo wakidhani wote ni askari.

Sasa nataka tufanye hesabu ya mchukuzi, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo mhadhara wangu wote. Mchukuzi ana ratili 50 za unga kichwani. Kwa siku anahitaji ratili 2 ili kesho aweze kusimama. Kituo anachopeleka kiko mwendo wa siku 10, na lazima arudi. Kwenda na kurudi ni siku 20, yaani ratili 40. Asipokuwa na chakula kingine njiani, atakayeupokea mzigo wake atapata ratili 10. Kituo kikisogea kikawa mwendo wa siku 13, hafikishi hata konzi moja. Hapo yeye mwenyewe ndiye mhitaji. Mchukuzi hula mzigo wake. Si kwa wizi, ni kwa kuwa hai.

Ndege nayo hula. Hula mafuta badala ya unga, lakini hesabu haibadiliki.

Mwaka 1916, wakati wachukuzi wetu wakivuka nyika kuelekea Kilimanjaro na Morogoro, kwenye mto Tigris huko Iraki kulikuwa na jeshi la Waingereza na Wahindi limezingirwa na Waturuki. Mji ulikuwa Kut-al-Amara, umekumbatiwa na mto pande tatu, na jenerali wao aliitwa Charles Townshend. Walikuwa wamenaswa humo tangu Desemba 1915. Askari na wafuasi wao walikuwa 13,000 hivi, na wenyeji wa mji 6,000 hivi. Hawakuweza kutoka, na majeshi yaliyotumwa kuwaokoa hayakuweza kupita.

Kikosi cha 30 kilikuwa kichanga. Kilianza Misri mwishoni mwa 1914, ndege chache tu za kuulinda Mfereji wa Suez, kikapewa namba yake mwaka uliofuata, kisha kikapelekwa Basra. Wazee wa Mombasa na Unguja wataikumbuka Basra kwa tende zilizokuja na majahazi ya kaskazi. Kikosi nacho kiliikumbuka hivyo, kwani nembo yake hadi leo ni mtende.

Kut walikuwa na shayiri lakini hawakuwa na mawe ya kutosha ya kuisagia. Mtu aliyewahi kula nafaka nzima mbichi kwa tumbo lililokwisha kudhoofika anaelewa shida hiyo. Basi mwezi Machi ndege ya Kikosi cha 30 iliruka na jiwe la kusagia, ratili 70, ikalishusha juu ya mji kwa mwavuli. Hebu mlione hilo jiwe. Ndege yenyewe ni miti na turubai, imefungwa kwa nyaya, na injini yake ina nguvu ndogo kuliko gari lililomleta Mwenyekiti wetu leo. Chini yake limening'inia jiwe kama lile lililoko uani kwa bibi zetu. Historia ya kupeleka vitu kwa mwavuli imejaa magari ya jipi na vifaru. Mimi hupenda kukumbuka kwamba karibu na mwanzo wake kuna chombo cha jikoni.

Aprili njaa ilipokaza, ndege zikaanza kupeleka chakula chenyewe. Ndege aina ya BE2c ilifungwa magunia mawili makubwa juu ya mabawa ya chini, na mengine madogo tumboni mahali pa mabomu, jumla ratili 150 hivi. Rubani akifika juu ya mji anayaachia. Mengine yaliangukia mtoni. Mengine yaliangukia kwa Waturuki, ambao bila shaka hawakuyarudisha. Pamoja na chakula walidondosha nyavu za kuvulia samaki, dawa, fedha na vipuri vya simu ya upepo. Chakula hicho kilihitajika zaidi kwa kuwa askari wengi wa Kihindi walikuwa wamekataa nyama ya farasi kwa sababu za dini, hadi viongozi wa dini zao walipotoa ruhusa, na wengine hata baada ya ruhusa.

Kuanzia tarehe 15 hadi 29 Aprili ziliruka safari 140 hivi, zikadondosha ratili karibu 19,000. Gazeti la siku hizo lingeweza kuandika kwamba ni muujiza, na kwa marubani ulikuwa muujiza kweli; walikuwa wakiruka mara kadhaa kwa siku, na Wajerumani walikwisha kuleta ndege za Fokker za kuwawinda. Lakini gawanyeni. Ratili 19,000 kwa vinywa 19,000, wenyeji na askari, kwa majuma mawili. Ni ratili moja kwa kila mtu. Si kwa siku. Ni kwa muda wote huo.

Usiku wa tarehe 24 Aprili, mashua ya mvuke iitwayo Julnar ilijaribu kupanda mto na tani 270 za chakula. Ikanasa kwenye waya mnene uliotandazwa mtoni na Waturuki, karibu kabisa na kufika. Ndege zote katika majuma mawili zilipeleka chini ya tani 9. Mashua moja, usiku mmoja, tani 270, nayo ikakwama. Tarehe 29 Townshend akasalimu amri. Askari wengi wa kawaida waliotekwa walikufa katika safari ya miguu kupita jangwani na katika kambi za kazi.

Nimekaa sana Kut kwa makusudi. Vitabu vingi vya urubani hulitaja tukio hili kwa sentensi moja ya fahari: mara ya kwanza katika historia jeshi lililozingirwa kulishwa kutoka angani. Ni kweli kuwa lilikuwa la kwanza. Lakini halikulishwa.

Miaka 30 iliyofuata naivuka haraka. Kikosi hicho kiligeuka kuwa cha upelelezi na mabomu Iraki, kikaenda Ugiriki na Krete katika Vita vya Pili, kikawa cha ndege za kupigana, kikailinda Colombo dhidi ya Wajapani Aprili 1942, kikamalizia Burma. Kikavunjwa. Mwishoni mwa 1947 kikaundwa upya, safari hii kikiwa na Dakota za mizigo, na tangu hapo hakijaacha uchukuzi.

Miezi michache baadaye Wasovieti wakafunga njia zote za nchi kavu za kuingia Berlin ya magharibi. Dakota za Kikosi cha 30 zikaingia katika kazi hiyo pamoja na za vikosi vingine vingi vya Uingereza na Marekani. Mnajua mwisho wake: kuanzia Juni 1948 hadi Septemba 1949, zaidi ya safari 277,000, tani zaidi ya milioni 2, nyingi zikiwa makaa ya mawe. Chumvi ilikuwa ikila mabati ya ndege za kawaida, kwa hiyo Waingereza waliibeba kwa ndege za majini aina ya Sunderland, zilizotiwa dawa ya kuzuia kutu, zikatua kwenye maji ya mto Havel ndani ya jiji. Watu 101 walikufa.

Kwa nini Berlin ilifaulu na Kut ikashindwa? Ndege zilikuwa kubwa zaidi, naam, na nyingi zaidi. Lakini mtu aliyeipangilia kazi ile, Jenerali William Tunner wa Marekani, hakuanza na ndege. Alianza na muda ambao ndege imekaa chini. Aliwakataza marubani kuondoka ubavuni mwa ndege zao Berlin. Gari la chai na mikate likawafuata pale pale, likihudumiwa na wasichana wa Kijerumani, na taarifa ya hali ya hewa ikaletwa kwa jipi. Ndege iliyokosa kutua mara ya kwanza haikuruhusiwa kuzunguka ijaribu tena. Ilirudi na mzigo wake ilikotoka, ili isivuruge foleni. Na upakuzi wakaachiwa makuli wa Kijerumani, wakipewa chakula cha moto katika jiji ambalo chakula cha moto kilikuwa adimu. Kundi moja la watu 12 liliwahi kupakua tani 10 za makaa kwa dakika 5 na sekunde 45. Kwa mikono. Siku hizi naona picha za Berlin zenye rubani akitabasamu mlangoni, na watoto wakisubiri pipi. Natafuta bila mafanikio picha nzuri ya wale 12, nyuso nyeusi kwa vumbi la makaa.

Sasa tumefika nyumbani. Novemba 1959 Kikosi cha 30 kilihamia Eastleigh, hapa Nairobi. Uwanja huo ulikuwa umeshatumika pia kama uwanja wa abiria wa jiji, hadi Embakasi ilipofunguliwa 1958, uwanja uliojengwa kwa sehemu na jasho la wafungwa wa Mau Mau. Kikosi kilikuja na ndege iliyoitwa Beverley, iliyotengenezwa na kampuni ya Blackburn, na lazima niwaeleze sura yake, maana wanafunzi mmezoea ndege nyembamba.

Beverley ilikuwa ghala lenye mabawa. Upana wa mabawa, ncha hadi ncha, karibu mita 50. Injini nne za pistoni. Magurudumu yake hayakukunjwa. Yalining'inia chini muda wote kama miguu ya kuku aliyebebwa sokoni. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa chini ya kilomita 300 kwa saa, na kutoka Nairobi hadi Ghuba ya Uajemi ilikuwa safari ya siku nzima na zaidi. Nyuma ilikuwa na milango miwili mikubwa iliyoweza kuondolewa kabisa ili mzigo utoke ukiwa angani. Ndani, lori liliingia likiwa zima. Juu ya chumba cha mzigo, ndani ya mkia, kulikuwa na viti vya watu 36, na huko huko mkiani ndiko kulikokuwa na choo. Sakafuni mwa mkia kulikuwa na tundu la kurukia askari wa miavuli. Mtu mmoja alitoka chooni ndege ikiwa imeegeshwa bila kujua kwamba tundu limefunguliwa, akaanguka futi 20 hadi chini. Baada ya hapo wakafanya marekebisho, mlango wa choo ukawa haufunguki tundu likiwa wazi. Zilitengenezwa Beverley 49 tu. Leo imebaki moja nzima.

Wazee, baadhi yenu mlikuwa watoto wakati ule. Nimeambiwa na zaidi ya mmoja kwamba ilipopaa, mabati ya Majengo yalitetemeka kabla hata haijaonekana. Hilo nalisadiki. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, na hewa ya juu ni nyepesi. Jua likishapanda inazidi kuwa nyepesi. Injini ya pistoni hapo inapumua kama mtu aliyepanda mlima. Kwa hiyo ndege nzito iliondoka alfajiri, na iliondoka kwa kelele.

Hesabu ya mchukuzi ilikuwa ile ile. Beverley ingeweza kubeba tani 20, lakini kwa safari fupi sana. Ikitakiwa kwenda kilomita 2,000 hivi, mzigo ulishuka kufika tani 13. Tofauti ililiwa njiani. Na aliyelijua hilo kuliko wote hakuwa rubani. Alikuwa yule msimamizi wa mzigo anayesimama nyuma na karatasi na kalamu, akipima kila kitu kiko umbali gani kutoka mlangoni. Mzigo ukikaa nyuma mno, pua ya ndege huinuka na haishuki. Ukikaa mbele mno, haiinuki kabisa. Hufunga minyororo, huipiga teke kusikia mlio wake, hulegeza mmoja na kukaza mwingine. Makuli wa bandari ya Mombasa wanaopanga shehena kwenye jahazi wanafanya hesabu hiyo hiyo kwa macho, na wamekuwa wakiifanya kabla Uingereza haijawa na ndege.

Kazi za kikosi hicho hapa Eastleigh zilikuwa zipi? Nitataja tatu, na naomba mzisikilize kwa pamoja, kwa sababu ndivyo zilivyoishi.

Ya kwanza, Julai 1961. Kuwait imepata uhuru majuma mawili tu, na kiongozi wa Iraki, Abdulkarim Qasim, anasema ni jimbo lake. Waingereza wakapeleka jeshi haraka, na sehemu kubwa ya jeshi hilo ilikuwa Brigedi ya 24 iliyokaa hapa Kenya. Beverley zikabeba watu na vifaa kwenda jangwani. Kikosi kikajikuta tena jirani na Basra.

Ya pili, miezi michache baadaye. Ukame mkali ulikuwa umeua ng'ombe wa Wamasai kwa maelfu. Kisha, kuanzia Oktoba 1961, ikanyesha mvua ambayo Tanganyika wengine waliiita mvua ya uhuru. Haikuwa mvua ya kawaida: kati ya mwaka huo na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita mbili. Mto Tana ukavunja kingo, barabara za kaskazini na za pwani zikakatika, Somalia nako hivyo hivyo. Beverley za Eastleigh zikageuzwa kupeleka chakula, pengine kwa kutua, pengine kwa kudondosha.

Ya tatu, Januari 1964. Askari waliasi Dar es Salaam, kisha Jinja, kisha Lanet. Serikali ya Obote huko Uganda ikaomba msaada, na askari wa Kiingereza wakapakiwa ndegeni hapa Nairobi wakashushwa Entebbe.

Wenzangu wa historia ya siasa huniambia kwamba ndege hizi zilikuwa mkono mrefu wa dola iliyokuwa ikiondoka huku ikiangalia nyuma. Sina ubishi. Kituo cha Eastleigh hakikuwekwa kwa ajili ya wahanga wa mafuriko. Kiliwekwa ili jeshi lifike Ghuba na popote pengine ambapo London ilitaka lifike. Chakula kilipewa lifti tu. Lakini sikubali wanaponiambia kwamba basi hakuna la kusoma humo. Kikosi kile kile, marubani wale wale, minyororo ile ile iliyofunga jipi la kwenda Kuwait, iliyafunga magunia. Kinachotofautisha kazi moja na nyingine ni nani amesimama mwisho wa safari, na kama ameandaliwa kupokea.

Hapo nina jambo langu mwenyewe. Mwishoni mwa 1997, katika mafuriko ya El Niño, nilikuwa karani wa ghala wa shirika fulani la misaada, nikapelekwa kijiji kimoja cha Wapokomo chini ya Garsen. Maji yalikuwa yamezunguka kila upande. Tuliambiwa kwamba ndege itamwaga mahindi asubuhi, kwenye kiwanja kilichoinuka kidogo karibu na shule. Ofisi yetu ilipanga ndege, ikapanga mahindi, ikapanga hata mtu wa kupiga picha. Hakuna aliyepanga mitumbwi ya kusomba, wala magunia ya akiba, wala aliyepima kama ile ardhi ilikuwa bado ngumu. Na karani ambaye alipaswa kuuliza hayo, akiwa na redio mkononi, alikuwa mimi.

Ndege ikaja chini, ikapita, magunia yakatoka kama meno yanayong'oka. Kiwanja kilikuwa tope. Magunia mengi yalizama nusu, kadhaa yakapasuka, na mahindi yakatawanyika ndani ya uji mweusi. Ndege ikageuka, ikapungia bawa, ikaenda. Nikabaki na karatasi ya mzigo, yenye safu mbili: kilichopakiwa, kilichopokelewa. Safu ya kwanza ilikuwa imeshajazwa kwa mashine.

Kina mama wakaja na nyungo. Hawakusubiri amri yangu. Wakaingia topeni, wakachota tope na mahindi pamoja, wakasuuza kwenye maji ya mafuriko, wakapepeta, wakamimina kwenye khanga zilizotandikwa. Walifanya hivyo kutwa nzima. Mzee mmoja aliketi kando yangu kwenye kinu kilichopinduliwa, akaniambia, "Mwanangu, hiyo ndege yenu ni ndogo. Mwaka wa mvua kubwa, kabla ya uhuru, ilikuja moja nene kama kiboko, ina miguu haikunji, ina panga nne zinazunguka. Ilileta unga." Nikamuuliza, "Na unga ulifika, mzee?" Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mpole lakini mzito wa akili. "Ulifika chini," akasema.

Ulifika chini. Miaka yote hii sijapata maelezo mafupi kuliko hayo ya tatizo zima la usafirishaji wa anga.

Kenya ilipopata uhuru, Eastleigh ikakabidhiwa. Jeshi la Anga la Kenya likaanzishwa Juni 1964, na Septemba mwaka huo Kikosi cha 30 kikahamia Muharraq, Bahrain. Uwanja ukabaki nyumba ya ndege zetu wenyewe za mizigo, Caribou na baadaye Buffalo. Beverley zikastaafu, kikosi kikavunjwa 1967, kikaundwa tena 1968 na Hercules, ndege yenye mwendo karibu maradufu. Kwa miongo minne Hercules za Uingereza zilikaa pamoja kituo cha Lyneham, vikosi vikigawana ndege kama familia inavyogawana baiskeli, na ndivyo walivyoenda Ethiopia mwishoni mwa 1984.

Ethiopia ndiko ninakoona kwamba mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameisoma Kut. Walikaa zaidi ya mwaka na kupeleka zaidi ya tani 30,000. Mahali ambapo uwanja ulikuwepo, walitua. Milimani ambako hapakuwa na uwanja, walimwaga bila miavuli, kwa sababu mwavuli ni ghali na haurudi. Nafaka ilitiwa gunia ndani ya gunia, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Ndege ilishuka hadi futi 50 au chini ya hapo, juu ya nyanda ambazo zenyewe ziko zaidi ya mita 2,000. Kauli mbiu ya Kikosi cha 30 ni ya Kifaransa, nayo humsema farasi anayekimbia kasi mpaka tumbo likakaribia kugusa ardhi. Kwa miaka mingi ilikuwa nahau tu. Ethiopia ikawa maelezo ya kazi.

Na chini, kwenye kiwanja cha kumwagia, walitangulia watu. Baadhi yao walikuwa Wapolandi na helikopta zao aina ya Mi-8, wanajeshi wa upande wa pili wa Vita Baridi. Walishuka kwanza, wakakagua ardhi, wakaweka alama, wakawasogeza watu na mifugo. Wapolandi wa kikomunisti na Waingereza wa NATO, wakigawana kiwanja kimoja cha ngano, wakati serikali zao zilikuwa zimeelekezeana makombora Ulaya. Sijui ni marubani wangapi wa wakati huo waliostaajabu. Mimi hustaajabia zaidi kwamba kulikuwa na mtu wa kukagua tope.

Siku hizi Kikosi cha 30 kiko Brize Norton na ndege mpya iitwayo Atlas, injini nne za panga, magurudumu yanayokunjwa. Nembo bado ni mtende.

Karatasi yangu ya Tana niliijaza jioni ile. Tulipima kwa debe, mama mmoja akihesabu kwa sauti na mwingine akichora mistari kwenye mchanga ili nisiwadanganye. Nikaandika idadi ya madebe kwenye safu ya pili. Mama aliyekuwa akichora mistari akasoma juu ya bega langu, akaniambia nimesahau moja, na kweli nilikuwa nimesahau. Nikaifuta idadi nikaandika upya.

Wazee, naona saa ya magharibi imekaribia. Maswali tutayachukua baada ya sala.